Kipimo cha vinasaba cha Exeter kwa kisukari cha watoto wachanga

Mtoto akigundulika na kisukari kabla ya kutimiza miezi 9, maabara ya Exeter, Uingereza, humpima vinasaba bure, popote alipo duniani. Kwa kweli ni huduma ya thamani mno. Damu iwekwe kwenye chupa yenye EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau, na igeuzwe polepole mara 8 hadi 10 isigande. Ya kijani haifai: heparini yake, ambayo nayo huzuia damu kuganda, huvuruga unakiliji wa DNA. Kama ameongezewa damu karibuni, iandikwe kwenye fomu. Sampuli za wazazi nazo ziambatane. Jibu likionyesha hitilafu kwenye jeni ya KCNJ11, takriban watoto 9 kati ya 10 huacha sindano za insulini na kutumia glibenklamaidi, dawa ya kumeza! Ila insulini isikatishwe kwa kubahatisha kabla ya majibu.