Umeme wa jua mwaloni kwetu: huduma nzuri, mipango iliyofanywa wavuvi wakiwa wamelala

Mimi ni mwenye duka na mteja wa gridi ndogo ya sola inayohudumia mwalo wetu, yaani ufuko wa kushushia samaki, na vitongoji vya jirani, katika kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Tathmini hii nawaandikia zaidi wakazi wa vijiji ambavyo kampuni za namna hii zinaanza kuvitembelea, kwa kuwa mazuri na mabaya tunayoyaona leo yaliamuliwa kabla ya paneli hata moja kufungwa.

Nianze na mazuri. Umeme ni wa uhakika, taa hazififii jioni, na friji la soda halijawahi kuniunguzia compresa. Uniti hununuliwa kwa simu kwa utaratibu unaofanana na LUKU, mfumo wa kulipia kabla wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, na fundi wa kampuni anaishi hapahapa kijijini, kwa hiyo nguzo ikianguka usiku huitwa kwa kugongewa mlango.

Kasoro ilianzia kwenye upimaji wa mahitaji. Wataalamu walipita nyumba kwa nyumba wakimuuliza mkuu wa kaya ana taa ngapi, ana redio, ana televisheni. Kisha ukaitishwa mkutano wa kijiji saa nne asubuhi, tena katika siku za giza. Anayelijua ziwa ameshaelewa: dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi, hivyo asubuhi yake wavuvi wamelala, na wanawake wako kwenye vichanja wakianika, wasiweze kuacha mzigo mbichi juani na kunguru wakiuzunguka. Tuliohudhuria tulikuwa wazee, walimu na wenye maduka, na swali kubwa tuliloulizwa lilikuwa nguzo zipite wapi. Hilo tulilijibu vizuri. Hakuna shamba lililokatwa bila ridhaa ya mwenyewe, na eneo la mitambo lilipitishwa na mkutano mkuu kwa kufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lakini mashine zitakazotumika, saa za kuzitumia na bei ya uniti havikuwamo katika ajenda.

Matokeo yake, laini ya njia tatu, ile inayobeba mashine kubwa, inaishia karibu na shule, wakati wanaoihitaji wako mwaloni. Barafu bado inaletwa kwa boti, mashine ya kusaga bado inakunywa dizeli, na saa sita mchana, jua linapowaka kuliko wakati wowote, sehemu ya umeme hukosa wa kuutumia. Jioni kila mtu huwasha taa na televisheni kwa mara moja, na mzigo wote huangukia betri, ambazo ndizo ghali zaidi kuzinunua na kuzibadilisha.

Ndiyo maana naona malalamiko ya bei yanastahili kuangaliwa kwa undani kidogo. TANESCO humuuzia mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Sisi tunalipa zaidi ya mara kumi ya hapo. Sehemu ya tofauti hiyo haiepukiki, kwa sababu shirika la taifa hugawanya gharama kwa mamilioni ya wateja. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni ya kujitakia: gridi iliyosanifiwa kwa ajili ya taa za usiku peke yake haiwezi kuuza kwa bei nafuu.

Kanuni za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa mitambo isiyozidi kilowati 100, kama huu wetu, zinaruhusu asilimia 15 ya kaya zinazohudumiwa kuomba bei ipitiwe upya. Katika mkutano ule hakuna aliyetuambia, na mkataba tuliosaini ulikuwa wa Kiingereza. Kule Mawengi, wilayani Ludewa, mtambo wa maji wa kilowati 300 unaendeshwa na jumuiya ya watumiaji wenyewe, na kwa mpangilio huo mteja hahitaji kusubiri kuambiwa.

Kampuni ilipokubali hatimaye kukaa na BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wakati huu kipindi cha mbalamwezi, iliweka bei pungufu ya mchana. Mafundi wa kuchomelea walijiunga mara moja.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Mwenye saluni au duka aunganishe sasa, bila wasiwasi. Mwenye mashine ya kusaga asubiri laini ya njia tatu ifike mwaloni, na asikubali ahadi ya mdomo. Kijiji kinachotembelewa leo kidai mkataba wa Kiswahili, kisha kiulize kampuni imechagua nini pindi gridi ya taifa itakapofika: kuiuzia TANESCO umeme, kununua kwake kwa jumla na kutusambazia, au kulipwa fidia ya nguzo na nyaya na kuondoka.