Saa 200 za ualimu wa yoga, matakia manne darasa zima

Niseme mapema: kozi nimemaliza, cheti nimepata, na usajili wa Yoga Alliance, chama cha kimataifa kinachosajili walimu wa yoga, umepita bila shida. Hasira yangu ni ya yoga ya kupumzisha, ile ya kulala muda mrefu juu ya matakia na blanketi, ambayo kwenye ratiba ilikuwa siku mbili nzima, ikaishia alasiri moja na matakia manne ya kugombania.

Dada mmoja mwenye matatizo ya kiuno aliomba blanketi la pili chini ya mapaja. Mwalimu akamjibu mbele za watu: "Hii ni kulala tu, dada. Mtu mzima hafundishwi kulala." Watu wakacheka. Alipoinuka alikuwa ameshika mgongo.

Hafundishwi? Haya, tuchukue supta baddha konasana, ule mkao wa kulala chali nyayo zimekutana. Takia liwe gumu, urefu kama sentimita 65, lianzie kiunoni kuelekea kichwani, makalio yabaki sakafuni. Chini ya kichwa weka blanketi lililokunjwa mpaka kidevu kishuke kuliko paji la uso. Kidevu kikiwa juu shingo inabanwa, na hapo hakuna kutulia. Kila paja liegemezwe kwa nje. Mikono nayo iegemezwe, maana mkono unaoning'inia huvuta bega. Mwanafunzi akihisi kuvutwa popote, ongeza blanketi. Anayetaka kuvutwa aende yoga ya yin, ile ya kunyoosha viungo polepole. Hapa mtu hukaa dakika 10 hadi 20 bila kujigeuza, kwa hiyo kasoro ndogo ya mwanzo inakuwa maumivu kabla ya mwisho. Ndiyo yaliyompata yule dada.

Wala hatukuambiwa kwamba mwili uliolala hupoa. Vigae vitupu, Nairobi, msimu wa baridi, halafu tunaamrishwa tulegee! Hatukuambiwa kwamba mjamzito aliyevuka miezi ya mwanzo halazwi chali bapa, bali ubavu wa kushoto, au takia liinuliwe kwa mabloku, yale matofali mepesi ya yoga, awe nusu ameketi. Hatukuambiwa kwamba mwenye presha ya macho hawekwi miguu ukutani nyonga zikiwa juu. Hayo nimeyalipia kwingine.

Haki yao wenye kozi niwape: anatomia waliifundisha vizuri sana, na marekebisho ya mikao ya kusimama sijaona wanaowashinda. Kwa mtu wa vinyasa, yoga ya mikao inayofuatana bila kusimama, ningesema nenda tu. Ningesema, lakini kile kicheko kila nikikikumbuka nakataa. Anayemcheka mwenye mgongo mbovu atamrekebisha nani? Msiende.

Kwa mnaoanza kufundisha yoga ya kupumzisha: wanafunzi wasizidi wanane, mikao minne kwa dakika 75, kwa sababu kupanga vifaa peke yake hula kama dakika tano kila mkao. Matakia mpe fundi wa magodoro, ajaze usufi au pamba iliyoshindiliwa. Sponji hunywea na mgongo unazama. Blanketi nzito za mitumba za soko la Gikomba zinafaa kabisa, tatu kwa kila mtu, moja ya kujifunika. Kumwinua mtu ni taratibu: ageukie ubavu, avute pumzi kadhaa, asukume sakafu kwa mikono, kichwa kije mwisho. Sisi mwalimu alitupigia makofi tuamke upesi, eti ukumbi umekodishwa na watu wa zumba kuanzia saa kumi na moja.