Kisu cha kukunja cha jua kali Kibuye: makali hayadaiwi, kagua springi

Kwa makali, kisu hiki hakidaiwi kitu. Kimefuliwa kwa mkono katika vibanda vya jua kali (mafundi wadogo wasio rasmi) vya Kibuye, Kisumu, kutokana na springi bapa ya gari, na kinakata kamba ya katani, muwa na samaki wa ngege mzima bila kubembelezwa. Lakini kisu cha kukunja si ubapa peke yake. Kina springi ya mgongoni, sahani mbili za brasi, vipande viwili vya mpini na pini za kushikanisha vyote. Visu vya Kibuye vinatofautiana sana hapo kwenye maungio, hata viwili vya fundi mmoja vilivyolala kwenye meza moja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii ni ya springi na pini.

Kisu chenyewe kina ubapa wa sentimita 8, unene wa milimita 3 karibu na pini, ukipungua hadi milimita 1.5 kuelekea nchani. Springi ya mgongoni imekatwa kwenye chuma kilekile cha gari. Sahani za ndani ni brasi ya milimita 1, mpini ni pembe ya ng'ombe, na pini ya msuka (mkia wa ubapa unaoingia ndani ya mpini) ni ya chuma, milimita 3. Hakina kufuli. Ubapa unashikiliwa na nguvu ya springi tu. Bei iliyotajwa ni shilingi 3,500 kabla ya mapatano.

Springi za gari zina kaboni ya takriban asilimia 0.6, pamoja na kromiamu kidogo au silikoni, ikitegemea gari lilitoka wapi. Kiasi hicho cha kaboni kinatosha kukipa kisu ugumu mzuri, na chuma chake ni kigumu kuvunjika. Kromiamu yake kwa kawaida ni kama asilimia 1 au pungufu, ilhali chuma kisichoshika kutu huhitaji zaidi ya 10. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kisu cha chuma cha springi hakishiki kutu, anataka pesa yako tu.

Hatari ya springi kuukuu ya gari ni nyufa. Chuma hicho kimebeba mizigo kwa miaka, kikapinda na kunyooka mara nyingi mno, na nyufa huanzia pale penye tundu la bolti ya katikati. Fundi makini hukata kipande mbali na tundu hilo. Ukiwa na wasiwasi, kuna kipimo rahisi unachoweza kumwomba akifanye mbele yako kabla mpini haujafungwa: atumbukize ubapa kwenye mafuta ya taa kwa nusu saa, aufute ukauke kabisa, kisha aupake chaki. Penye ufa, mafuta yatachuruzika polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ubapa wenye mstari hauponi, utafute mwingine.

Kazi ya moto kwenye kisu hiki imefanywa vizuri, na inaonekana. Chuma cha namna hii hupashwa hadi sumaku iache kukishika, kisha kinaongezwa joto kidogo, kama nyuzi 830, halafu kinazimishwa kwenye mafuta yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole, ndiyo maana huanza kupashwa. Maji hupoza kwa ghafla mno na huweza kupasua ubapa mwembamba hapohapo, ukasikia mlio wake. Mafundi wengi hutumia oili chafu ya injini. Inafanya kazi, lakini moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya fundi, na mafuta ya kupikia yanafanya kazi hiyohiyo. Baada ya hapo ubapa hurudishwa kwenye moto mdogo, karibu nyuzi 200, mara mbili, saa moja kila mara, mpaka rangi ya nyasi kavu itokee juu ya chuma kilichosuguliwa. Hatua hii ikirukwa, makali hukatika vipande vidogo kwenye mfupa wa kwanza. Ikizidishwa hadi rangi ya buluu, makali hulala.

Kupima hili hakuhitaji maabara. Chukua fimbo ya brasi ya milimita 6, laza makali juu yake kwa pembe ya kunolea, kama nyuzi 20, kisha kandamiza kwa nguvu ya wastani huku taa ikiwa nyuma. Makali yatajikunja kidogo juu ya brasi, utayaona yakitoa mng'ao mwembamba. Ukiachilia yakarudi yalivyokuwa, kazi ni safi. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini. Yakibanduka, ni kigumu mno. Ya kisu hiki yalirudi kwa urefu wote isipokuwa sentimita moja ya mwisho nchani, ambako yalibaki na mkunjo. Sababu yake inajulikana: ncha ni nyembamba, hupata moto kwa haraka kwenye grainda, na fundi asipotumbukiza kwenye maji kila baada ya kusugua mara chache, ugumu hutoweka pale pale. Ni kasoro ndogo, inaondoka baada ya kunoa mara kadhaa kwa mkono.

Sasa springi ya mgongoni. Inatakiwa iwe laini kuliko ubapa, irudishwe kwenye moto hadi buluu, kama nyuzi 300 au zaidi. Mafundi wengine huchoma ubapa na springi pamoja na kuvitoa kwa rangi moja ili kuokoa mkaa, na hapo ndipo visu vingi vya bei nafuu hufia: springi yenye ugumu wa ubapa huvunjika katikati, kwa kawaida pale penye pini ya kati, siku usiyoitegemea. Ile isiyogumishwa kabisa nayo hupinda ikabaki hivyo, na ubapa ukaning'inia. Hii ya Kibuye ni ya buluu kweli. Angalia upande wa ndani, mahali ambapo msasa haukufika, utaiona rangi.

Nguvu yake pia ni ya kadiri. Kabla ubapa haujawekwa, ncha ya springi hutakiwa ikae chini ya mahali pake kwa milimita 1.5 hadi 2, na msuka uisukume juu. Hiyo ndiyo nguvu inayobana. Ikiwa chini ya milimita 1, kisu hujifungua mfukoni, na ikizidi 2 ukucha unavunjika kwenye mfuo wa kufungulia. Kisu hiki kinafunguka kwa ukucha mmoja na kinasimama wima kwa mlio mfupi. Kikiwa wazi, mgongo wa springi na mgongo wa ubapa vimelingana, kidole kikipita hakikwami. Kikiwa nusu wazi, springi inachomoza kama nusu milimita. Hilo si kosa, kwa sababu msuka huu ni wa mviringo na hauna kituo cha kati.

Kosa liko kwingine. Funga kisu kwa kukiachilia kijipige chenyewe, kisha kifungue uangalie makali chini ya mwanga wa jua. Sentimita 2 kutoka kwenye msuka kuna nukta inayong'aa, pana kama milimita 1. Hapo makali yanagonga tumbo la springi kila yanapofungwa, na kila siku yanazidi kuwa butu mahali hapohapo. Chanzo ni kisigino cha msuka, ile nundu ndogo ya chini inayokaa juu ya springi kisu kikifungwa na kuyaweka makali hewani. Kimepigwa tupa kupita kiasi, pengine fundi akitaka ubapa uzame vizuri ndani ya mpini. Chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi. Dawa ni kusugua tumbo la springi mahali pale, nusu milimita hivi, bila kugusa sehemu nyembamba inayopinda. Mtake fundi afanye hivyo kabla hujalipa. Kazi ndogo akiwa bado hajafunga pini, kazi kubwa akishazifunga, kwa hiyo mnunuzi mwenye nafasi aagize kisu na kurudi kukiona kikiwa kimeshikwa na pini za muda.

Upande wa pini, mchezo wa kushoto na kulia hausikiki, na ubapa uliofungwa umekaa katikati ya sahani mbili bila kuegemea. Hii inataka ustadi. Pini ikigongwa sana, ubapa hauendi, na ikigongwa kidogo unacheza. Ujanja unaotumika ni kuchomeka kipande cha bati la kopo la soda, chenye mkato wa kupitisha pini, kati ya msuka na sahani wakati wa kugonga, kisha kukivuta. Nafasi inayobaki inatosha kwa tone la mafuta. Kama kisu chako kitalegea baadaye, usikimbilie nyundo kubwa. Weka kichwa cha pini juu ya chuma bapa, gonga upande wa pili kwa nyundo ya gramu 200, mara mbili tatu, ujaribu, urudie.

Pembe ya mpini imeng'arishwa vizuri na inapendeza, lakini pembe huvuta unyevu na kusinyaa, hasa iliyokatwa kabla ya kukauka. Kwenye kisu hiki ukingo wa upande mmoja umeinuka kutoka kwenye brasi kiasi cha karatasi moja kupita. Uchafu wa samaki utaingia hapo. Kwa mtu anayekaa karibu na ziwa au kufanya kazi na maji, mti mgumu uliokauka, kama mvule, ni salama zaidi. Vumbi la mvule linawasha sana pua na macho, fundi afunge kitambaa.

Kutu ndilo jambo ambalo mnunuzi asiyezoea chuma cha kaboni hulalamikia kwanza. Kata embe, uache bila kufuta, na baada ya dakika chache utaona madoa ya kijivu na buluu. Hayo si kutu. Ni tabaka jembamba linaloutuliza uso wa chuma, na kisu kilichotumika miezi kadhaa huwa cha kijivu chote na usumbufu ukapungua. Kutu halisi ni ile nyekundu, na mahali pake pa kupenda ni ndani ya maungio, msikoonekana. Ute wa samaki na maji ya ziwa vikikaa humo usiku kucha, asubuhi kisu kinafunguka kwa kukwaruza. Kifungue, kisugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya moto, kikaushe, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya kupikia yasiwekwe kwenye maungio, yakikaa yanakuwa gundi. Kisu cha kukaa bila kutumika kipakwe vaselini nyembamba.

Kuhusu kufuli: wapo wateja wanaoidai. Kufuli iliyotengenezwa bila kipimo sawasawa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu mkono unaiamini. Kisu kinachoshikiliwa na springi tu kinajulikana tabia yake: usichome nacho, usikitumie kung'oa kitu, usikandamize mgongo wake, maana kitajifunga juu ya vidole.

Wanaopandikiza miche ya parachichi na maembe wana mahitaji tofauti, na kisu hiki kilivyo hakiwafai kikamilifu. Makali yake yamesuguliwa pande zote mbili, wakati kazi ya kupandikiza inapendelea upande mmoja tu, ili mkato utoke bapa na kikonyo (kitawi kinachopandikizwa) kishikane vizuri na shina. Waagize ubapa wa milimita 2 uliofuliwa kutoka tupa kuukuu badala ya springi. Tupa nzuri huwa na kaboni inayozidi asilimia 1, hushika makali zaidi, ingawa huvunjika kwa urahisi zaidi ukiipindisha. Meno ya tupa lazima yaondolewe yote kabla ya kuzimisha kwenye mafuta, kwa sababu kila mfuo uliobaki ni mahali pa ufa kuanzia. Kati ya mche na mche wasafishe ubapa kwa spiriti, si jiki. Jiki huua vimelea lakini hula chuma cha kaboni papo hapo.

Kinaponolewa, jiwe la wastani na baadaye laini vinatosha, nyuzi 20 kila upande, kisha kupitisha juu ya mkanda wa ngozi. Grainda isikiguse tena.

Je, shilingi 3,500 ni halali? Visu vya kukunja vya kiwandani vinavyouzwa mitaani ni vya bei ndogo sana kuliko hiyo, na hakuna anayevitengeneza vikilegea. Hiki kina chuma kizuri, moto uliofanywa kwa uangalifu, na pini zilizofungwa kwa mkono uliozoea. Kwa springi iliyorekebishwa isigonge makali, na mpini wa mvule badala ya pembe, bei hiyo inastahili. Kikiwa na ile nukta inayong'aa kwenye makali, shusha hadi 2,500 au mwachie. Ukiagiza, lipa nusu, taja upana wa kiganja chako, chagua mti mwenyewe, na mwambie fundi azifanye pini za brasi ya kugongwa, asizichomelee wala kuzigandisha kwa gundi peke yake. Pini ya kugongwa huweza kutolewa kwa drili na springi mpya ikaingia, hivyo kisu kinarudi kibandani kutengenezwa.