Matawi au wavu? Mabomba ya nyumba mbele ya jani la mkungu

Nyumba ya kupangisha ikijengwa Kisauni, ubishi huwa ule ule: bomba ligawanyike kama matawi, au mabomba yakutane yafunge mzunguko, kama wavu? Maumbile yanatumia yote mawili.

Kwa gharama, matawi yanashinda. Mishipa ya damu hukaribia kanuni ya gharama ndogo ya mtafiti Murray, ya 1926: kipenyo cha mshipa mama, kipeo cha tatu (kama 10 × 10 × 10), ni sawa na jumla ya vipeo vya tatu vya vipenyo vya wanawe. Mama wa milimita 10 huzaa wawili wa karibu milimita 8, si wa 5. Ukipunguza kipenyo nusu, upinzani wa mtiririko mtulivu hupanda mara 16. (Maji ya bomba yana vurugu zaidi, hivyo usimpelekee fundi hesabu hii kama ilivyo.)

Likitokea tundu, wavu ndio bora. Okota jani la mkungu (mti wa kungu, si mkungu wa ndizi), litazame juani: vishipa vimeungana. Mdudu akitoboa kimoja, maji hupita kwingine. Jani la ginkgo, mti wa China, mishipa yake hugawanyika bila kuungana tena. Ukiikata, maji hayana njia ya kuzunguka. Hesabu za watafiti mwaka 2010 zilionyesha kuwa madhara na mahitaji yanayobadilika ndiyo huleta vitanzi, yaani mizunguko iliyofungwa.

Matengenezo? Mzunguko unataka valvu nyingi, na mvujo hutafutwa kwa jasho.

Chumba kimoja na bafu, matawi yanatosha. Wapangaji kumi wanaooga alfajiri pamoja, mimi ningefunga mzunguko.