Nyasi za Mapambo Arusha: Vuta Kwanza, Ndiyo Utoe Hela

Desemba iliyopita nilinunua miche kumi na miwili ya nyasi za mapambo kando ya barabara hapa Arusha, elfu nane kila mmoja. Ilikuwa na manyoya marefu, rangi ya damu ya mzee, yakipigwa na upepo unasimama kuangalia. Wageni wa Krismasi waliisifia mpaka nikajiona fundi. Kufika sikukuu ya Mapinduzi, tisa ilikuwa imekauka. Nilipoing'oa nikakuta haina mzizi hata mmoja. Ni mabua manne matano yaliyokatwa kwenye kichaka kikubwa, yakachomekwa kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa miche, na kumwagiwa maji ili yasimame mpaka mteja apite. Nilinunua shada la maua kwa bei ya mche.

Kwa hiyo hapa sitakueleza rangi gani inapendeza na geti lako. Macho unayo. Nataka tuongelee mizizi.

Ukifika kitaluni, shika mabua chini kabisa, pale yanapoingia kwenye udongo, uinue taratibu. Kiriba kikiinuka pamoja na mche, mizizi imeshika. Mabua yakianza kuteleza kutoka, rudisha, ondoka. Kisha pindua kiriba uangalie matundu ya chini: ncha nyeupe zinazochungulia ni dalili njema. Mizizi minene iliyojizungusha kama kamba ya katani maana yake mche umekaa humo muda mrefu mno; ukiuchukua, ichane kidogo kabla ya kupanda. Mwisho, tenganisha majani utazame katikati. Kichaka kizee hufa katikati na kubaki hai pembeni, na wapo wanaokuuzia hicho kitovu kilichokufa.

Sasa chaguo langu, na sifichi mapenzi: Rubrum, ile ya zambarau iliyokolea. Namba moja, na namba mbili iko mbali. Ni nadra sana kutoa mbegu zinazoota, kwa hiyo haitavamia shamba la jirani. Nchi zenye baridi kali wanainunua upya kila mwaka kwa sababu barafu inaiua. Sisi Arusha hatuna barafu, kwa hiyo inadumu, ingawa Julai inanuna kidogo. Ipande masika yanapoanza, kwenye jua la kutwa, mche na mche sentimita 75 hivi. Shingo ya mche ilingane na ardhi, usiifukie. Mwagilia mpaka ishike, kisha punguza. Samadi weka kiganja tu. Ukiilisha sana inanenepa na kulala chini kama mlevi. Kila mwaka, kabla ya mvua, ikate ibaki sentimita 15, na ukiona katikati panapwaya, ing'oe uigawe. Miche yangu mitatu iliyopona nitaigawa hivyo, sinunui tena.

Namba mbili ni vetiva. Haina mbwembwe za manyoya, lakini kama kiwanja chako kina mteremko, tuseme uko Moshi upande wa kupanda mlimani, mizizi yake inashuka wima mita tatu na zaidi na kushikilia udongo mvua ikishuka kwa hasira. Nayo haisambai kwa mbegu.

Mchaichai? Ni wa bei rahisi, unapendeza kiasi, na chai unapata. Basi.

Pampasi naiweka mwisho, najua nitanuniwa na wenye kumbi za harusi wanaopambia manyoya yake. Asili yake ni Amerika Kusini, inafika mita tatu, na kingo za majani yake zinakata kama wembe. Kijana anayenisaidia bustani aliipalilia kwa jirani bila glavu, akarudi mikono imechorwa yote. Mbegu zake zinabebwa na upepo mbali sana. Kule Afrika Kusini pampasi imeorodheshwa kama mmea vamizi. Na ile ndugu ya Rubrum ya kijani, ambayo ni ya Afrika hii hii, huko Hawaii imetapakaa kwenye miamba ya volkano na kuwa kuni za moto wa nyika. Usiichukue kwa kudanganywa kwamba "itabadilika rangi ikikua."

Halafu kuna wanaouza mbegu mtandaoni. Nimeona pakiti za "Karl Foerster", nyasi iliyopewa jina la mtaalamu wa bustani wa Ujerumani. Hiyo ni chotara tasa, haizai mbegu zinazoota. Huzidishwa kwa kugawa kichaka. Sasa kwenye pakiti kuna nini? Labda ulezi.

Bei nayo ni kisa kingine. Ukishuka kwenye boda ni elfu tano, ukishuka kwenye gari ni elfu kumi, ukiongozana na mgeni mzungu hesabu inaanza upya. Mche ni ule ule, kiriba ni kile kile.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule yule wa Desemba. Nikainama, nikashika mabua.

"Mama, ukivuta unalipia."

"Kwani ina nini nikivuta?"

Akaanza kumwagilia miche mingine. Nikavuka barabara, nikaenda kwa jirani yake.