Kindred ya Octavia Butler: nimeisoma mara mbili, sasa namsimulia mama

Nianze na nakala yenyewe. Herufi ni ndogo, karatasi nyepesi mno, na gundi ya mgongo imeachia kabla sijamaliza kuisoma mara ya pili. Ukipata toleo lenye maandishi makubwa, chukua hilo. Riwaya yenyewe usiikose.

Butler aliitoa mwaka 1979. Dana, mwandishi mweusi wa California, anapanga vitabu siku anayotimiza miaka 26, Juni 1976, mara kizunguzungu kinamshika. Akija kushtuka, yuko kando ya mto huko Maryland, zama za utumwa, na mtoto wa kizungu anazama. Anamwokoa. Mtoto huyo, Rufus, mwana wa mwenye shamba, ndiye chimbuko la ukoo wa Dana, na kila Rufus akikaribia kufa Dana anavutwa tena huko. Naye hurudi kwao pale tu anapoamini roho yake inatoka.

Usitafute mtambo wowote wa kusafiria, haumo. Mwanzoni nilinung'unika, maana ninachopenda kwenye hadithi za kisayansi ni kuelezwa kitu kinafanyaje kazi. Lakini kanuni hizo mbili zinabana kuliko mtambo. Safari moja Dana anachapwa viboko na kujikuta nyumbani. Baadaye anachapwa tena, na harudi: ameshajua kwamba viboko peke yake haviui. Hapo nilikiweka kitabu chini. Na ule mkoba anaojifunga mwilini, wenye kisu, sabuni na vidonge vya maumivu, ulinitisha kuliko silaha zote za angani nilizowahi kusoma.

Aliyenishika zaidi ni Sarah, mpishi. Watoto wake watatu wameuzwa, amebakiwa na Carrie, binti asiyeweza kusema. Dana anamdharau kwanza kwa unyenyekevu wake, halafu anaelewa. Butler alikua akimwona mama yake, mfanyakazi wa ndani, akiingilia mlango wa nyuma na kusemwa mbele yake kana kwamba hayupo. Alimwonea aibu, ukubwani akatambua kwamba chakula chake kilitoka kwenye mlango huo. Mama yangu amepikia watu miaka mingi, na shuleni nilisema ana duka.

Kasoro ninayoiona ni Kevin, mume wa Dana, mzungu, anayekwama huko zama za utumwa miaka mitano. Miaka hiyo tunaipata kwa vipande tu, nami nilitaka kuona imemfanya nini. Viboko na ubakaji vimo. Kijana mdogo asiachwe nacho peke yake.

Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo kila jioni namsimulia sehemu moja. Juzi tulifika kwa Sarah. Akazima jiko, akaniambia nirudie tangu watoto walipouzwa.