Kihariri cha Kuandikia Programu: Kabla Hujalipa, Uliza Umeme Ukikatika Itakuwaje

Mwaka jana nililipia leseni ya mwaka mzima ya kihariri cha madirisha (chenye menyu na vitufe vya kubofya kwa kipanya) ambacho sitakitaja jina. Wiki ya pili, nikiwa narekebisha faili la mipangilio kwenye seva ya mteja, yaani kompyuta yake iliyo mbali, umeme ulikatika nyumbani, ruta ikazima, na dirisha likaganda hata nikalazimika kulifunga kwa nguvu. Nilipolifungua tena nilikuta faili likiwa kama nilivyolihifadhi mara ya mwisho, saa nzima kabla. Kompyuta yangu ilikuwa na chaji ya kutosha. Kilichopotea kilipotea kwa sababu maandishi yalikuwa yameshikiliwa mahali ambapo hapakuwa na mlinzi.

Miongozo mingi hulinganisha rangi, viendelezi (programu ndogo za nyongeza) na kasi ya kufunguka, mambo ambayo kila mtu anaweza kuyaona mwenyewe kwa dakika kumi. Mimi ninapanga vihariri hivi kwa swali moja: maandishi ambayo bado hujayahifadhi yanakaa wapi mtandao unapoanguka?

Ninayoipa nafasi ya kwanza ni Vim, kihariri cha bure kinachoendeshwa ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), na sifichi kwamba ninaipendelea. Unapoanza kuandika, Vim huweka kando ya faili lako faili jingine lililofichwa, ambalo jina lake huishia na .swp, na huandika humo kila unapofikisha herufi 200 au ukitulia kwa sekunde 4. Muhimu zaidi ni kwamba ukiwa umeingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kutumia kompyuta ya mbali kupitia terminali), Vim yenyewe inaendeshwa kule kule kwenye seva, kwa hiyo faili la akiba liko salama hata nyumba yako ikiwa gizani. Nimelijaribu jambo hili kwa makusudi: niliandika mistari kumi na tano bila kuhifadhi, nikachomoa waya wa ruta, nikasubiri, kisha nikaingia upya. Lilipofunguliwa faili lile, ilijitokeza tahadhari yenye namba E325. Nikabonyeza R, na mistari yote kumi na tano ikarudi. Baada ya kurejesha, hifadhi faili na ulifute lile la .swp, la sivyo tahadhari itakurudia kila siku.

Uvumilivu huu una asili yake. Babu yake Vim ni vi, ambayo Bill Joy aliitengeneza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976 akitumia modemu ya polepole mno, ya kasi ya baud 300, na ndiyo maana amri zake ni fupi: dd inafuta mstari mzima. Bram Moolenaar aliitoa Vim kwa umma mwaka 1991, na hadi alipofariki mwaka 2023 hakudai malipo. Aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale nchini Uganda, alikowahi kujitolea katika kazi za maji na usafi. Sijui bei nyingine ya programu inayoniridhisha zaidi ya hiyo. Gharama yake halisi ni kujifunza: andika vimtutor kwenye terminali, utenge nusu saa, kisha uvumilie majuma mawili ya kwenda polepole. Neovim, iliyochipuka kutoka Vim mwaka 2014, imerithi ulinzi huo huo.

Ya pili ni Sublime Text, ambayo ni ya madirisha. Leseni ya mtu binafsi ni dola 99 za Marekani pamoja na masasisho ya miaka 3, na muda huo ukiisha, toleo ulilo nalo linabaki kuwa lako. Hutunza hata maandishi usiyoyahifadhi unapoifunga. Hata hivyo haina njia yake yenyewe ya kuhariri faili lililo kwenye seva, na kwangu mimi hilo linaishusha.

VS Code ya Microsoft ni ya bure, na kwa kazi iliyo ndani ya kompyuta yako haina neno. Tatizo huja kwenye seva, kwa sababu huko husimika programu yake ya pili, na maelekezo yake yanataka kumbukumbu (RAM) ya GB 1 kwa uchache, huku ikishauriwa GB 2. Anayekodi seva ya bei ya chini kabisa ataona kihariri kikigombea nafasi na kazi iliyomleta pale. Nano, kihariri kidogo cha terminali, inatosha kwa kubadili mstari mmoja.

Sasa niseme kuhusu wauzaji. Bei imeandikwa kwa dola, benki inabadilisha kwa kiwango chake na kuongeza makato, mwaka ukiisha kadi inakatwa tena bila kuulizwa, na nilipoomba kurudishiwa fedha nilijibiwa kwamba kukatika kwa mtandao ni jambo la mteja. Sikubaliani na jibu hilo. Vim, isiyouzwa, imeandika wazi katika maelezo yake kwamba inasubiri sekunde 4. Anayetoza fedha aandike sekunde zake kwenye ukurasa ule ule wa bei, na kabla hajaziandika, usimpe namba ya kadi yako.